Firigisi ya Upande wa Kushoto

Triza Nabiswa hakuwahi kumheshimu mumewe, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuna aliyeligundua hilo. Alimpikia, akamfulia, akamzalia, akamwitikia "Baba Everline" kwa sauti laini, na dharau yake akaiweka ndani kama mtu anavyoweka nguo ya kanisani: safi, imekunjwa vizuri, haitolewi ovyo.

Makokha alikuwa karani wa mizigo relini mpaka alipostaafu. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja tu, kwamba mzigo ukipotea, mwenye makosa ni mtu mwingine. Somo hilo alikuja nalo nyumbani Shauri Moyo, katika nyumba ya zamani ya baraza la jiji waliyoingia binti yao Everline akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Chai ikimwagika, meza ilikuwa imewekwa vibaya. Akichelewa ibada, ni kanisa lililoanza mapema. Triza, aliyekuwa akiuza nguo za mtumba za watoto Gikomba na kurudi kwa miguu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, alimsikiliza, akasema "ndiyo, Baba Everline," na moyoni akasema mengine.

Ndiyo maana mumewe alipoanza kuharibika hakuna aliyeshtuka. Alionekana tu kama Makokha aliyezidi kuwa Makokha.

Ilianzia kanisani. Katikati ya wimbo kitabu kilimtoka mkononi, mkono wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande. Wazee wa kanisa walimkimbiza kwenye kliniki ndogo iliyo kando ya barabara. Kijana mwenye koti jeupe alimpima presha, akampa vidonge, akamkataza chumvi. Baada ya siku chache mkono ulirudisha nguvu na mdomo ukarudi mahali pake. Makokha akatangaza kwamba alikuwa mzima tangu mwanzo, na kwamba kilichomwangusha ni joto la mabati na kwaya iliyokuwa ikiimba juu kuliko uwezo wake.

Kisha yakaanza mambo madogo. Alitoka bafuni amenyoa shavu la kulia likang'aa, na la kushoto limebaki na ndevu nyeupe kama jivu.

"Baba Everline, hujamaliza kunyoa."

Makokha alijipapasa shavu la kulia. "Nimemaliza. Ni macho yako yanazeeka."

Alivaa sweta mkono mmoja, wa pili ukining'inia nyuma kama mkia. Aligonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, akamlaumu fundi aliyeurekebisha kwamba ameupunguza upana. Vijana waliokaa kwenye ukuta karibu na bomba la maji walimpenda sana siku hizo.

"Niaje, buda," mmoja alimwambia. "Kinyozi amekufanyia nusu bei?"

Makokha akajibu kwamba vijana wa leo hawajui kusalimia watu wazima, na akaendelea na safari yake akiwa amekanyaga mtaro. Triza aliyaona hayo yote, akayatia katika hesabu moja na mengine ya zamani. Alidhani ni uvivu. Uvivu wa Makokha alikuwa akiujua, na haukuwa jambo la kumpeleka mtu hospitali.

Ikaja Jumapili ya kuku.

Kwa watu wa kwao kina Makokha, kule Mumias, firigisi ni ya mwenye nyumba. Wao huiita imondo. Mgeni hapewi, mtoto hapewi, na mwanamke haitii mdomoni. Mke anayemnyima mume imondo hajamnyima kipande cha nyama. Amemtangazia kwamba kuna mwanamume mwingine. Triza alikuwa ameona upumbavu wa kila aina, lakini hakuna uliomshinda kuuelewa kama huu, kwamba heshima yote ya mwanamume imefichwa ndani ya mfuko ambao kuku husagia mchanga. Hata hivyo alipika kama alivyofundishwa. Ugali aliuweka upande wa kulia wa sahani kubwa, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaomega, sukuma kando yake, na kuku upande wa kushoto, firigisi ikiwa juu kabisa ili ionekane.

Makokha alikula ugali wote, akaimaliza na sukuma, akanawa.

"Kuku umempeleka wapi?" akauliza.

"Si huyo hapo."

"Mimi si mtoto, Mama Everline. Imondo iko wapi?"

"Kwenye sahani yako."

Makokha aliinama juu ya sahani kama karani anayekagua behewa. Alipitisha kidole kwenye ukingo kuanzia kulia, kidole kikafika katikati, kikasita, kikarudi kilikotoka.

"Umempa nani?"

"Nimempa paka."

"Hatuna paka."

"Basi umeshapata jibu."

Triza aliichukua sahani akaenda nayo jikoni kwa hasira. Aliamini kabisa kwamba mtu huyu ameketi mbele ya firigisi inayomtazama, akakataa kuiona makusudi, ili apate la kumtukana nalo. Akaishika kwa vidole viwili. Kisha, akiwa amesimama pale pale kando ya jiko la gesi, akaila. Aliitafuna polepole mpaka ikaisha. Ilikuwa ngumu, na chumvi ilikuwa imepungua kidogo, na alishangaa kwamba mabibi wa watu wamefukuzwa makwao kwa ajili ya kitu kama kile.

Kesho yake Apondi, jirani wa mlango wa pili, alimkuta akianua nguo.

"Jirani, kuna maneno. Mzee wako anasema hapo kwa maji ati unampikia Matheka."

Matheka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa amefika mara moja kuwatengenezea dirisha.

"Matheka gani? Huyo hana hata meno ya kutafunia firigisi."

"Mimi nakwambia tu," Apondi akasema, akicheka kwa kujizuia. "Lakini ati ameshapigia ndugu yake simu."

Ndugu huyo alikuwa Shiundu, kaka mkubwa wa Makokha, aliyeishi Kariobangi na kujihesabu mkuu wa ukoo kwa upande wote wa Nairobi. Wiki haikuisha akafika, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Walikuwa watu ambao hawakuonekana Makokha alipoanguka kanisani. Lakini kesi ya firigisi iliwatoa makwao wamevaa makoti.

Triza aliwapa chai. Shiundu alikunywa kwanza, akafuta mdomo, ndipo akaanza.

"Mulamwa," alisema, kwa maana ndivyo mashemeji wa kwao wanavyoitana, "sisi hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza. Kuku alichinjwa?"

"Alichinjwa."

"Alikuwa na imondo?"

"Shemeji, umewahi kumwona kuku asiye nayo?"

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe.

"Ilikwenda wapi?"

"Niliiweka kwenye sahani yake. Akasema haioni. Nikaila mimi."

Wale wazee walikuwa wamejiandaa kusikia jina la mwanamume. Mwanamume wangemjadili, wangempiga faini, wangemaliza. Lakini mwanamke kuila mwenyewe, na kuisema hivyo kama mtu aliyekula ndizi, hawakuwa na pa kuanzia. Shiundu aliweka kikombe chini taratibu.

"Heri hata ungempa huyo fundi," alisema.

"Nitapika kuku mwingine," Triza akasema. "Sasa hivi. Nitampakulia mbele yenu. Mwone nani muongo."

Wazo hilo wote walilipokea vizuri, kwa sababu walikuwa na njaa. Walikaa wakizungumza bei ya miwa mpaka kuku alipoiva. Triza akaleta sahani, akaiweka mbele ya mumewe kama siku zote, ugali kulia, kuku kushoto, firigisi juu. Wazee wote watatu waliiona. Mmoja hata aliikazia macho kwa hamu.

"Haya, Baba Everline. Iko wapi?"

Makokha alitazama. Hakuigiza, na hapo ndipo Triza alipoanza kuingiwa na shaka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kweli na kukosa kweli.

"Mnaona wenyewe," Makokha akawaambia wageni. "Ugali mtupu."

Shiundu aliitazama firigisi. Akamtazama ndugu yake, kisha dari. Ingekuwa rahisi sana kwa mmoja wao kusema, bwana, si hii hapa. Wanaume watatu wenye miwani na nywele za mvi, kila mmoja amelea watoto wake na kuwachapa kwa kusema uongo, wakakaa kimya mbele ya firigisi, kwa sababu kumwambia mwenye nyumba kwamba haoni kilicho mbele yake ni kumkosea adabu.

Triza alichoka. Alishika ukingo wa sahani akaizungusha kwa hasira, kushoto kukawa kulia.

"Hii hapa," Makokha akasema papo hapo, akaichukua, akaitia mdomoni. "Mmeona? Alikuwa ameificha."

Mzee mmoja alisimama. "Ameigusa tu sahani, imondo ikatokea," alisema kwa sauti ya chini.

Tangu hapo haikuwa tena kesi ya firigisi. Kwa wazee hao, ndugu yao alikuwa amefungwa macho kwa uchawi, na aliyemfunga ni huyu huyu aliyemfungua mbele yao kwa kugusa sahani. Shiundu alitoa hukumu akiwa bado anachokonoa nyama ya kuku wa Triza kwenye meno. Mwisho wa mwezi wangerudi. Siku hiyo Triza arudi kwao, akae huko mpaka ukoo utakapotakasa nyumba, na kama ukoo utaona vyema ataitwa.

"Kwetu ni wapi?" Triza akauliza. Wazazi wake walikuwa wamekufa. Shamba lao ndugu yake alilipanda miwa mpaka mlangoni, na mahali alipozaliwa hapakuwa tena na nyumba.

"Hiyo ni juu yako, mulamwa."

Walipoondoka, Triza hakulia. Aliiweka sahani ile mezani tena, akatia kipande kimoja cha kuku aliyebaki upande wa kulia. Makokha akakila. Triza akatia kingine kushoto. Makokha akanawa mikono. Triza akaizungusha sahani, na Makokha, ambaye alikuwa ameshanawa, akanung'unika kwamba humu ndani chakula kinaletwa kwa vipande kama cha wafungwa.

Triza alimpigia simu binti yake.

Everline aliishi Tassia na alifanya kazi katika kiwanda cha plastiki. Alisikiliza yote bila kumkatiza mama yake.

"Mathee, huyo hajarogwa. Huyo ni mgonjwa. Tangu aanguke alipigwa picha ya kichwa?"

"Alipimwa presha."

"Presha ni ya kichwa?"

Kumpeleka hospitali ndiyo ilikuwa kazi. Makokha hakuwa mgonjwa, na wagonjwa aliwadharau. Mwishowe Everline alimwambia kwamba ikiwa kesi inaelekea kwenye uchawi, ni vizuri awe na daktari wa kushuhudia kwamba akili yake ni timamu. Makokha alivaa tai.

Katika hospitali kubwa ya serikali walingoja sana, kichwa kikapigwa picha, wakarudi kungoja tena, mpaka wakaingizwa kwa mwanamke kijana aliyeitwa Idil, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha upya waliopata kiharusi kula, kuvaa na kutembea. Alimsalimia Makokha kwa heshima, akampa karatasi iliyojaa vistari vifupi vilivyotawanyika kila mahali.

"Mzee, nikatie kila kistari unachokiona."

Makokha alikata kwa unadhifu wa karani, vistari vyote vya upande wa kulia, akaweka kalamu chini. "Nimemaliza."

"Vyote?"

"Nimefanya kazi ya ofisi maisha yangu yote, binti yangu."

Idil akamwomba achore saa. Makokha akachora duara zuri, kisha namba zote akazibana upande wa kulia, zimesongamana kama watu waliokimbilia kibaraza kimoja mvua ikinyesha. Nusu nyingine ya saa ilikuwa tupu. Aliitazama, akaridhika nayo.

Triza aliitazama ile saa kwa muda mrefu.

"Macho yake ni mazima," Idil akamwambia. "Kilichoumia ni ubongo, na si wote. Ubongo una gamba lake la nje. Wewe unapika chapati, mama?"

"Napika."

"Chukua chapati pana sana, ifinye mpaka iingie kwenye bakuli. Itajikunja, itakuwa na mabonde. Gamba la ubongo liko hivyo, jembamba, limekunjwa likaingia kichwani. Na mambo mengi tunayojivunia yanafanywa humo. Nyuma huku ni kuona. Kando ni kusikia na kuelewa maneno. Hapa juu ni kusogeza mikono na kuhisi unachogusa. Mbele ni kupanga na kujizuia. Na hapa," akajigusa kichwani, upande wa kulia, nyuma kidogo ya sikio na juu yake, "panaangalia dunia ya upande wa kushoto. Macho yanaleta habari, lakini gamba ndilo linaloamua kwamba kitu kipo. Damu ilikosa kufika hapo siku ile ya kanisani. Kwa hiyo kwake kushoto hakuna giza, wala hakuna ukungu. Kushoto kwenyewe hakupo."

"Mimi naona kila kitu," Makokha akasema.

"Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa," Idil akasema kwa upole. "Pale ambapo pangemwambia amepoteza kitu, ndipo palipoumia. Hawezi kukosa kitu asichojua kwamba kipo."

Triza alifikiri. Mumewe alikuwa amekaa kati yao, tai imenyooka, nusu ya uso imenyolewa, akitabasamu kwa ushindi kwa sababu aliamini wanamsifu.

"Na kiburi," Triza akauliza, "kinakaa sehemu gani?"

Idil alicheka mpaka akafunika mdomo. "Hicho hakikuguswa, mama."

Aliwaonyesha picha. Palikuwa na doa, si kubwa. Triza alikasirika kuliko alivyotarajia. Alikuwa ameishi na dharau yake miaka mingi ikamtosha, na sasa doa dogo kama punje ya maharagwe limekuja kuichafua, kwa kuingiza humo mambo ambayo hayakuwa makosa ya Makokha. Ilimbidi sasa achambue, hili ni la doa, hili ni lake mwenyewe. Ya kwake mwenyewe yalibaki mengi, na hilo lilimfariji kidogo.

"Usimzungushie sahani," Idil alimwagiza walipokuwa wakiondoka. "Ukimzungushia atangoja kuzungushiwa mpaka afe. Bandika utepe mwekundu ukingoni kushoto, mwambie atafute mpaka auone. Ongea naye ukiwa upande huo. Kisha kaa kimya ungoje, ajifunze kugeuza kichwa. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine kidogo."

Basi siku zote zilizobaki kabla ya ukoo kurudi, Triza alikaa kushoto kwa mumewe. Makokha aliwalalamikia watu kwamba mke wake ameshaanza kuhama, haonekani nyumbani, anasikika sauti tu. Wakati wa kula alitafuta utepe akitukana. Siku nyingine aliufikia, siku nyingine aliacha chakula na kulala na njaa, na Triza akamwacha alale nayo.

Mwisho wa mwezi wazee walifika, makoti yale yale. Shiundu hakukaa.

"Mulamwa, naona hujafunga mizigo."

Triza aliwaeleza. Alieleza vizuri, chapati na bakuli, gamba na doa, na Everline, aliyekuja kutoka Tassia kwa ajili ya siku hiyo, akawaonyesha ile saa. Wazee waliishika karatasi kwa zamu, wakaigeuza juu chini.

"Haya ni mambo ya kizungu," Shiundu akasema.

"Na kichwa cha ndugu yako ni cha kizungu?"

"Mimi sijui gamba. Ninachojua, kuku alipikwa mbele yetu, imondo ikafichika, ukagusa sahani ikatokea."

"Haikufichika. Mliiona nyote watatu. Huyu hapa," akamwonyesha mzee wa mwisho, "mate yalimtoka. Mgonjwa haoni kushoto, hiyo naelewa, nimeonyeshwa picha. Nyinyi mnaona pande zote mbili na mlinyamaza. Doa lenu liko wapi?"

Mzee aliyenyooshewa kidole aliangalia viatu vyake. Shiundu, kama walivyo watu wote waliokwama, alitafuta wa kumtupia mzigo, na akampata kwenye kiti chake cha kawaida kando ya dirisha.

"Makokha. Nyumba ni yako, sema wewe. Huyu mwanamke aende ama abaki? Utakavyosema ndivyo itakavyokuwa."

Everline alitaka kuingilia, mama yake akamzuia kwa jicho. Triza alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, kushoto kwa mumewe, karibu kiasi cha kumgusa. 

"Yuko wapi?" Makokha akauliza.

"Si huyo—" Shiundu akainua mkono.

"Usimwonyeshe," Triza akasema. "Anyooshe mwenyewe."

Kisha akanyamaza. Walingoja wote. Makokha alimtazama kaka yake, akatazama dirisha, akatazama Everline. Shingo ikafika katikati na kusimama pale, kama inavyosimama kila siku mezani. Triza aliikunja mikono. Kama angekohoa tu ingemsaidia, naye hakukohoa. Hatimaye kidevu kilisogea, kikasogea tena, polepole, kwa uzito wa mtu anayesukuma mlango ambao haamini kwamba uko, na macho yakatua kwenye leso yake, yakapanda mpaka usoni.

"Kumbe uko hapo," Makokha akasema kwa uchungu. "Na ulikuwa unanisikia nikikusema."

"Nilikuwa nakusikia."

Akamgeukia kaka yake. "Haendi popote. Akienda, nani atanizungushia sahani?"

Shiundu alipumua, akavuta kiti, akakaa. "Basi," alisema kwa sauti kubwa ya mkuu wa ukoo. "Sisi kama ukoo tumemsamehe."

Triza aliwatazama wanaume wote wanne, akianzia kulia mpaka kushoto, bila kuruka hata mmoja.

"Hakuna anayekuzungushia sahani, Baba Everline," alisema. "Utageuza kichwa. Na nyinyi wengine, chai imeisha."